Hati ya Mize Ilibandikwa kwa Sheha

Nyinyi mlioajiriwa mahakamani juzi, mliopewa pikipiki na simu za kupapasa kwa kidole, msidhani kazi ya kupeleka hati ilianza na nyinyi. Mie nilipoanza nilipewa baiskeli kuukuu kuliko serikali zote nilizozitumikia. Ikishuka mlima ililia kama mbuzi wa Idi. Watu wakiisikia wanajua mahakama inakuja, na mwenye kesi keshaingia kichakani. Nimewafukuza watu kwenye mikarafuu mpaka nguo zangu zikanukia karafuu mwaka mzima, mke wangu akaacha kununua udi.

Na msomi ni mie vilevile. Mchana napeleka hati, usiku niko skuli ya watu wazima pale Chake, nasoma kwa karabai. Karabai ikizimika mwalimu anaendelea kusomesha kizani na sisi tunaendelea kuandika kizani. Kiingereza nilichokiandika usiku ule hakuna Mwingereza aliyezaliwa anayeweza kukisoma. Lakini cheti nilikipata, na siku ya kupewa nilikitembeza kutoka Chake mpaka Wete nikikionesha hata kwa ng'ombe.

Aliyenifundisha kazi hakuwa na cheti. Mzee Kombo, tarishi wa mahakama tangu enzi za kaptula. Siku ya kwanza aliniambia, "Yakhe, hati ni maiti. Hailali ndani. Ikilala inanuka, na atakayenuka ni weye." Akanifundisha kwamba mtu anayekwepa hati humfuati kwake. Unasubiri arusi au msiba, kwa sababu Mpemba atakukimbia nyumbani, shambani na sokoni, lakini msibani atakuja tu. Kuna bwana mmoja alikuwa hampi mkewe matumizi, akaikimbia hati ya kadhi miezi na miezi. Tulimpata kwenye arusi yake mwenyewe, anaongeza mke wa pili. Mzee Kombo alimpa mkono wa heri na hati ndani yake. Bwana arusi akadhani katunzwa pesa, akaitia kifuani na kusema, "Jazakallahu kheri, mzee wangu." Aliifungua mbele ya bibi arusi. Sikwambiini kilichofuata, si cha kusikia watoto.

Basi kazi ilikuwa na raha yake. Raha hiyo iliondoka vilipokuja vyama vingi.

Msinifahamu vibaya. Sisemi vyama vibaya, nasema tulivyovipokea. Wengine mlikuwa mgongoni kwa mama zenu, hamkumbuki. Kulikuwa na kitu kinaitwa kususiana. Watu wa chama hiki hawanunui chumvi kwenye duka la mtu wa chama kile. Mtu wa huku akifa, wa kule hawaendi kuzika. Nilifika kwenye msiba mmoja nikakuta mikeka miwili, jamaa za marehemu wa huku huku na wa kule kule, kila upande na birika lake la kahawa, na mie na hati yangu katikati kama refa. Watu waliachana na wake zao kwa kura. Ukimsusia mtu, humsalimii, humjibu, humpi habari hata nyumba yake ikiwaka moto. Na anayevunja mgomo anasusiwa yeye.

Na aliyesusiwa kuliko wote alikuwa sheha. Sheha ni mtu wa serikali, barua zote zinapita kwake, na upande mmoja ulimwona kuwa ni mtu wa chama tu. Katika kijiji kimoja cha kaskazini, kule kwenye mawe njia ya Micheweni, watu walichonga njia mpya juu ya mawe makali, wakikatwa miguu, ili mradi wasipite mbele ya ofisi ya sheha. Mie niliipita njia ile na baiskeli. Mipira ilipasuka kabla sijaikanyaga, kwa khofu tu.

Kijiji hicho ndicho alichokuwa akikaa Mize Hamad.

Mize alikuwa mkulima wa mwani, mwanamke mdogo, mwembamba, mikono imebabuka kwa chumvi. Mumewe alimwacha baada ya uchaguzi kwa sababu aliambiwa apige kura kule, yeye akapiga huku. Walikuwa na mtoto mmoja wa kike, Zuwena. Alipoachishwa ziwa, baba yake alimchukua, akampeleka Wete kwa binamu yake, Bi Raya, aliyekuwa hana mtoto. Bi Raya na mumewe, Bwana Seif, walikuwa watu wenye asili ya Manga, Uarabuni, watu wa heshima, wana duka na nyumba ya ghorofa. Mize hakukataa. Mtoto kwetu hulelewa na jamaa, hilo si jambo geni. Kila mwaka, Idi zote mbili, alikuwa akitoka kule kwenye mawe na kikapu chake, mayai, muhogo, kanga ya mtoto, anakwenda Wete kumtazama mwanawe, analala siku mbili, anarudi.

Halafu Bwana Seif akapata kazi Maskati kwa jamaa zake. Mtoto hawezi kupanda ndege na watu wasio wazazi wake mpaka iwepo amri ya mahakama. Basi wakaja kwetu Wete kuomba kumwasili Zuwena, awe mtoto wao kwa sheria.

Hapa nisikilizeni vizuri, maana mtakuja kuzibeba hati hizi. Mtu hawezi kumwasili mtoto wa mwenziwe mpaka mahakama kwanza imwondolee mzazi haki zake. Haki ya kumlea, ya kuamua atakaa wapi, ya kukataa asisafirishwe. Mwizi wa kuku anafungwa, anatoka. Mzazi aliyeondolewa haki hatoki. Ndiyo maana sheria inataka mzazi aitwe, aje, asimame, aseme. Baba mtu alikuja asubuhi, akatia saini kuwa ameridhia, mchana akapanda meli Mkoani kurudi Unguja, alikokuwa keshahamia. Akabaki mama.

Hakimu wetu wakati huo alikuwa mtoto wa Gando, mtu mpole, anavaa suti hata jua la saa saba. Alimuuliza Bi Raya kizimbani, "Mama wa mtoto huja kumtazama?"

Bi Raya, Mungu amrehemu, hakusema uongo. "Huja, Bwana Hakimu. Idi kwa Idi."

"Ana habari ya ombi hili?"

Bi Raya akamtazama mumewe. "Tumeiachia mahakama imwarifu."

Hakimu akaandika: mara chache. Na afisa wa ustawi alikwenda kijijini, akaulizia habari za mama, akaulizia wapi? Kwa sheha. Sheha akasema anamjua kwa jina, hajapata kumwona ofisini kwake. Kweli tupu. Katika ushahidi wa kesi ile, wanangu, sikumsikia mtu hata mmoja akisema uongo, na ndilo linalonikera mpaka leo.

Nikapewa hati nimpelekee Mize mkononi.

Sasa taratibu ya kazi, wakati ule na hata leo, mpeleka hati akifika shehia ya watu anapiga hodi kwa sheha kwanza, na sheha ndiye anayemwonesha nyumba na kushuhudia kuwa aliyepewa ndiye. Kwa hiyo nilikwenda kwa Mize nikiwa na Sheha Makame, mtu mfupi mwenye kofia ya kiua na sauti ya mnadi. Uani tukamkuta Bakari, kaka yake Mize, anakuna nazi. Na Bakari alikuwa chama mpaka kwenye mifupa. Nasikia akiota ndoto anaota bendera.

"Salaam alaykum," nikasema.

"Waalaykumu salaam, weye," akajibu, akininyooshea kifuu cha nazi. "Wewe pekee. Huyo uliyekuja naye simjibu."

Sheha Makame akacheka kwa pua. "Salamu ya Mungu nayo ina kadi ya chama?"

"Kwa watu wengine inayo."

Nikamwambia, "Bakari, ndugu yangu, nimekuja kwa Bi Mize. Nina hati yake ya mahakama."

"Mize hayupo."

"Nitamsubiri."

"Sikiliza, yakhe." Akainuka. "Mtoto wa ami yangu aliletewa karatasi na huyu huyu, akaambiwa njoo mara moja tu. Ikawa kituo cha polisi, akarudi hana meno ya mbele. Nyumba hii haipokei karatasi iliyokuja na ntu huyu. Hata ikiwa ya peponi."

"Si ya siasa. Ni habari ya mtoto."

"Ntoto yuko kwa jamaa za babake, anakula wali kila siku. Kila kinachokuja na huyu ni siasa. Tokeni uani kwangu."

Sheha Makame akaniambia kwa sauti ili asikie, "Andika: amekataa."

Nikaandika amekataa, maana ndivyo ilivyokuwa. Bakari aliyaona meno ya binamu yake, hakuiona hati ya dada yake. Sijui ningekuwa yeye ningefanyaje. Tuliporudi mpaka kwake, Sheha Makame akasema, "Unaona? Halafu wataamba sheha hawapi haki zao."

Kazi yetu ina dawa ya mtu anayekataa hati. Hakimu huamuru ibandikwe pahala pa wazi, inahesabiwa mhusika kaiona. Pahala pa wazi, kwa shehia, ni ubao wa ofisi ya sheha. Hakimu alipoiandika amri hiyo nilimfuata chumbani kwake.

"Bwana Hakimu, ofisi ile nusu ya kijiji hawaendi. Wamechonga njia yao."

Hakunitazama. Alikuwa anasafisha miwani. "Wadhani sijui? Mimi Gando nina mjomba hajaitikia salamu yangu tangu nivae suti hii. Hajui hata napigia nani kura. Ananisusia suti."

"Basi tuibandike msikitini, au kisimani."

"Nikiandika kuwa ofisi ya sheha si pahala pa wazi," akasema taratibu, "nimeandika nini hapo? Nimeandika siasa. Kesho niko Unguja naulizwa hukumu ile nimetumwa na nani. Sheria inasema kwa sheha. Bandika kwa sheha."

Mtamlaumu. Mie nilimlaumu pia, kisha nikaangalia kandokando nikaona sote tulikuwa tumejifunza kusema nusu ya tunalolijua.

Nikaibandika. Msumari na nyundo, mchana kweupe, mbele ya watu wa upande wa sheha waliokuja kuchukua chandarua. Wakaisoma. Ikasomwa na walimu, na wachuuzi, na vijana wasiojua hata Mize ni nani. Akaisoma Bi Khadija, jirani wa Mize, wanatenganishwa na ua wa makuti, ambaye aliwahi kumnyonyesha Mize alipokuwa mchanga, mama yake alipougua. Mama wa ziwa, wanangu, kwetu ni mama. Lakini Bi Khadija alikuwa wa upande ule. Miaka mingi baadaye nilimuuliza. Alisema, "Niliisoma, nikarudi nyumbani. Nikafika uani, nikamsikia anakohoa. Lakini sisi na wao hatusemezani. Ningemwambia, watu wangu wangejua nimevunja. Nikaamba, atapata habari kwao." Kwao hakuna aliyekuwa na habari, kwa sababu kwao ndio waliokuwa hawaendi kwa sheha.

Nusu ya kijiji ilijua, na nyumba moja iliyopaswa kujua haikujua.

Siku ya kesi nilitoka barazani nikaliita jina lake. Mize Hamad! Kulikuwa na mwanamke anauza visheti chini ya ukuta, akadhani namwita yeye, akaniuliza nataka vya ngapi. Nikaliita tena. Nikarudi ndani, nikasema hayupo. Bi Raya alikuwa amempakata Zuwena, amemvisha soksi nyeupe. Mtoto kalala. Hakimu akasoma kuwa mama, baada ya kuarifiwa kama sheria inavyotaka, hakufika wala hakutuma neno, na kwa hivyo mahakama inamwondolea haki zake zote juu ya mtoto. Jina la mtoto lilibaki la baba yake, kama dini inavyotaka, nasaba haiguswi na muhuri. Jina la Mize halikuwa na pa kufutwa, maana kwenye jina la mtoto mama hamo tangu mwanzo. Kalamu ilipita juu yake kama inavyopita juu ya maji.

Alikuja Idi iliyofuata.

Nilikuwa barazani nakula mabaki ya biskuti za Idi. Naona mwanamke na kikapu, kanga mpya, miguu imejaa vumbi. Akaweka kikapu chini kwa uangalifu, mna mayai.

"Weye ndiye mpeleka hati?"

"Ndiye mie, bibi."

"Nimetoka kwa Bi Raya, nyumba imefungwa. Jirani kaniambia wamekwenda Maskati na ntoto. Nikamuuliza kwa ruhusa ya nani, akaamba ya mahakama. Ati mahakama imenitoa umama. Nilikosa nini?"

Nikamwambia, "Hukuja, bibi."

"Hamkuniita."

"Tulikuita."

"Wapi?"

"Kwa sheha."

Akaniangalia. Hakupiga kelele, nilitamani apige. "Ile siku uliyokuja na sheha," akasema, "nilikuwa ndani, nasuka ukili. Nilikusikia. Kaka kaniambia kaa kimya, nikakaa. Nilisikia ukiamba habari ya mtoto, nikajua ni hila yenu ya kutuingia ndani." Akafunika mdomo kwa ncha ya kanga. "Nilikuwa mbali nawe kama hapa na ukuta huu."

Nikamwingiza kwa hakimu, naye akamwambia anayo haki ya kukata rufaa, muda umepita lakini anaweza kuomba aongezewe. Ila karatasi ya kwanza kabisa inayotakiwa ni barua ya utambulisho. Ya nani?

Mmeshajua. Ya sheha.

Basi Mize akafanya jambo ambalo hakuna mwanamume wa upande wake aliyethubutu. Aliiacha njia ya mawe, akashika njia kuu, mchana, watu wote wanamwona, akaingia ofisi ya sheha. Sheha Makame mwenyewe ndiye aliyenihadithia. Aliandika barua, akagonga muhuri, akamwambia, "Pole, mwanangu." Mize akatoka na barua yake.

Jioni ile Bakari alimtolea vitu vyake nje. Jungu, kitanda cha kamba, magunia ya mwani. "Uliyekwenda kumtembelea, akulaze," alimwambia. Watu wake wakamsusia kuanzia siku ile. Shoga zake wa mwani wakahamisha kamba zao pwani zisipakane na zake. Watu wa upande wa pili nao hawakumpokea, kwani kwao alikuwa bado ni dada yake Bakari. Akajenga kibanda chake ukingoni mwa mawe. Akikutana na watu njiani hakuna aliyejua amsalimie au asimsalimie, basi wakaona salama kutomsalimia.

Rufaa ilichukua muda wake. Nilimpelekea hati zote mie mwenyewe, mkononi, mpaka kibandani kwake. Hakuna mtu katika kazi yangu yote niliyempelekea hati vizuri kama yule. Mwisho majaji wakubwa wa Unguja walikubali kuwa hakuarifiwa sawasawa. Soma hukumu ile utalia kwa uzuri wake. Ila mtoto, walisema, yuko nje ya mipaka ya mahakama, na mahakama haina mkono wa kumfikia. Mize aliniomba nimsomee mara ya pili sehemu ile ya kwanza, pale wanaposema alikuwa na haki. Nikamsomea. Akanipa mayai nipeleke kwa wanangu.

Vijana, mtaniuliza mjifunze nini, maana nyinyi mnapenda kitu cha kuandika. Nendeni na sheha, ndiyo taratibu, lakini mkifika nyumbani kwa mtu mwambieni sheha akae mbali kidogo, halafu salimieni wanawake wa ndani, si mwanamume wa uani peke yake. Ulizeni watu wanateka wapi maji, wanapita wapi. Pahala pa wazi ni pale miguu ya watu inapopita, na miguu haijui sheria. Hilo sikusoma skuli ya usiku wala ya mchana.

Halafu, kama mnavyojua, wakubwa wa vyama wakapatana. Walipeana mikono huko juu, na huku chini mgomo ukayeyuka kama haukuwapo. Siku moja nilipita kijiji kile nikiwa nimeshastaafu, nakwenda kuzika. Mkeka mmoja, birika moja. Na nani wamekaa pembeni wanaminyana magoti wanacheza keram kwenye baraza ya ofisi? Bakari na Sheha Makame. Wananiita, "Mzee wa hati! Njoo unywe kahawa! Leo umeleta nini, tutaipokea!" Wakacheka mpaka Bakari akapaliwa, sheha akampiga mgongoni.

Mize alikuwa anapita njia kuu na gunia la mwani kichwani. Mishipa ya shingo imemtoka. Nikashuka barazani kumsalimia, nikamwambia, kwa ujinga wa mtu anayetaka kuliweka sawa jambo lisilowekeka, "Unaona, Bi Mize? Wamepatana."

Akasimama, maji ya bahari yanamchuruzika shingoni.

"Nawaona," akasema. "Wao wamepatana. Mie nipatane na nani?"

Akaliweka gunia sawa kichwani, akaenda zake.